Kinga ya Wadudu kwenye Pikapu: Tununue au Tusinunue?



Somo letu la leo linahusu gari. Wapo watakaosema, "Sisi hatuna gari, somo hili linatuhusu nini?" Linatuhusu. Katika bonde letu la Kilombero mpunga unatoka shambani kwa pikapu. Mbolea inakuja kwa pikapu. Mara nyingi mama mjamzito anapelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara kwa pikapu hiyo hiyo. Gari likichemsha njiani, mwenye gari na asiye na gari wote wamekwama.

Kikundi kimoja cha wakulima upande wa Mngeta kimenunua pikapu iliyotumika. Wanakikundi wametuletea swali. Dereva wao anataka wanunue kinga ya wadudu. Mwekahazina hataki. Anasema fedha ya mpunga haiwezi kununua pambo. Wamebishana mikutano miwili, wala hawajafika mwisho. Sasa wanatuuliza: je, kitu hiki kina faida?

Kwanza tukijue chenyewe. Kinga ya wadudu ni kipande kirefu cha plastiki ngumu, cheusi au cha rangi ya moshi. Kinafungwa kwenye ncha ya mbele ya boneti, nacho kimeinuka kidogo kama ukingo wa kofia. Tusikichanganye na ngao. Ngao ni yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya bampa. Hiyo ni kitu kingine.

Huko nyuma swali hili lisingeulizwa. Ulikuwa ukitaka kwenda Lupiro au Mahenge unangoja pantoni mtoni. Leo tunavuka kwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, ilikuwa vumbi na matope. Sasa ni lami. Magari yanakimbia, na gari likikimbia wadudu wanaligonga kwa nguvu.

Hapa pana hesabu inayofaa kujulikana. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Mbawakawa anayegonga kioo gari likiwa na mwendo wa kilomita 40 kwa saa hulia "ta!" kisha huanguka. Mbawakawa huyo huyo kwenye kilomita 80 hupasuka, akabaki amejipaka kwenye kioo. Kwa hiyo dereva wa Mngeta hakulitoa jambo hili hewani. Jioni za mvua za kwanza kumbikumbi wanatoka ardhini kwa maelfu na kufuata taa. Kando ya mashamba ya mpunga kuna mbu, panzi na vipepeo vya usiku. Dereva huyo akitoka Kidatu magharibi, anafika Ifakara kioo kikiwa kama kimepakwa uji.

Na uji huo si jambo la kuchekea. Ukipigwa waipa bila maji, unatandazwa kioo kizima. Gari lingine likija mbele yako na taa zake, kioo chote kinang'aa na huoni kitu. Sasa fikirini mji wetu wa Ifakara na baiskeli zake. Jioni watu wanarudi mashambani, wengine wamebeba mtoto nyuma, na baiskeli nyingi hazina taa. Dereva asiyeona kwa nukta tatu tu, mwendo wa kilomita 80, amekwenda mita zaidi ya 60 akiwa kipofu.

Basi, je, ile plastiki inamzuia mdudu asifike kwenye kioo?

Jibu tunalo nyumbani kwetu. Mtazameni mama anayepepeta mpunga penye upepo. Makapi mepesi yanachukuliwa na upepo, yanakwenda zake mbali. Punje iliyojaa haichukuliwi. Inaanguka pale pale. Upepo ni ule ule mmoja, tofauti ni uzito.

Kinga ya wadudu inafanya kazi kama upepo huo. Gari likienda mbio, hewa inayokutana na plastiki inasukumwa juu. Mdudu mwepesi anabebwa na hewa hiyo, anapita juu ya kioo. Mbu ni kapi. Lakini mbawakawa ni punje. Panzi mkubwa naye ni punje. Hewa ikipinda kwenda juu, yeye hapindi nayo. Uzito wake unamfanya aendelee moja kwa moja mpaka kwenye kioo. Na tuseme kweli, mbu hata bila plastiki wengi wao hupeperushwa na hewa ya boneti yenyewe na kioo chenyewe. Kwa hiyo plastiki inafanya vizuri zaidi kwa wale wasiotusumbua sana, na inashindwa kwa wale wanaotupaka uji.

Tena inahitaji mwendo. Makapi hayaruki pasipo upepo. Tuchukue barabara ya vumbi. Pikapu yenye magunia inakwenda kilomita 30 au 40 kwa saa, na hapo hewa inayosukumwa juu ni kidogo. Hata kwenye lami, hewa iliyorushwa kwenye ncha ya boneti inaweza kushuka tena kabla ya kufika kwenye kioo, hasa boneti ikiwa ndefu na kioo kikiwa kimesimama wima kama ukuta. Ndiyo maana madereva wawili wenye plastiki za namna moja wanabishana, huyu anasifu na huyu analaani. Magari yao hayana umbo moja.

Hatusemi kwamba kitu hiki ni cha bure kabisa. Kinasaidia ncha ya boneti. Lori likitangulia linarusha changarawe, na changarawe zikigonga rangi zinaibandua. Plastiki inapokea mapigo hayo. Maji ya mdudu aliyepasuka nayo hula rangi akiachwa juani siku nyingi. Kwa gari jipya linalokwenda Dar es Salaam na kurudi kila wiki kwenye lami, mwenye fedha yake akinunua hatumkatazi.

Lakini kina madhara yake, na wauzaji hawayataji. Kati ya plastiki na boneti vumbi linaingia. Gari linatikisika, plastiki inatikisika, na vumbi lile linasugua rangi kama msasa. Masika maji na matope yanakaa hapo hapo. Rangi ikiisha, kutu inaanza. Na kama fundi ametoboa boneti kwa skrubu, kila tundu ni mlango wa kutu. Tumeona pikapu ambazo plastiki ilipofunguliwa, boneti chini yake ilikuwa mbaya kuliko ile ambayo haikufungwa kitu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo dereva na mwekahazina wote wawili hawakulitaja. Nalo ni rejeta.

Rejeta iko chini ya ncha ya boneti, nyuma ya grili. Plastiki iko juu yake. Haiifuniki wala haiikingi. Mdudu asiyekwenda juu ya boneti anaingia moja kwa moja kwenye rejeta.

Na rejeta ndiyo inayoishikilia injini isiungue. Maji ya moto kutoka kwenye injini yanapita katika vijibomba vyembamba. Kati ya vijibomba kuna mapezi membamba ya bati, yamepangwa karibu karibu kama meno ya kitana. Hewa inapita kwenye nafasi hizo na kuchukua joto. Nafasi zikizibwa, hewa haipiti na joto halitoki. Huku kwetu wanaoziba si wadudu peke yao. Mbegu za nyasi, pumba za mpunga, vumbi na mabawa ya kumbikumbi vinashikana vikawa kama blanketi. Kumbikumbi ni kitoweo kizuri, lakini siyo wa kwenye rejeta.

Gari linaanza kuchemsha, hasa likiwa na mzigo au likipanda mlima wa Mahenge. Dereva akiendelea tu, gasketi inaungua na silinda hedi inapinda. Hapo hakuna tena habari ya plastiki. Hapo kikundi kinatafuta injini, na mpunga uko shambani unanyeshewa.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa ndugu zetu wa Mngeta ni huu. Msinunue plastiki kwa sasa. Nunueni kipande cha wavu wa waya, na mkifunge mbele ya rejeta kwa namna ambayo dereva anaweza kukifungua bila kumwita fundi. Msichukue wavu wenye matundu madogo sana. Wavu wa kuzuia mbu dirishani unakamata kila kitu, lakini wenyewe unaziba upesi, na ukiziba ni kama mmeifunga rejeta kwa kitambaa. Matundu yazuie panzi na kumbikumbi na yapitishe hewa. Kila jioni wavu ufunguliwe, ukung'utwe na kuoshwa. Baada ya kuufunga kwa mara ya kwanza, dereva autazame mshale wa geji ya joto kwa siku kadhaa. Ukipanda kuliko kawaida, wavu huo ni mzito mno na uondolewe.

Rejeta yenyewe isafishwe injini ikiwa imepoa. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Ukipiga kutoka mbele unaushindilia ndani. Maji yasiwe ya nguvu sana, kwa sababu mapezi yale hupinda, na pezi lililopinda limeziba kama lenye mdudu. Na jambo hili tunaliandika hata kwa wale wasioendesha: mfuniko wa rejeta usifunguliwe gari likiwa la moto. Maji yaliyofungiwa humo yanaruka usoni. Vijana wanaomsaidia dereva waambiwe.

Kwa upande wa kioo, nunueni mipira mipya ya waipa. Birika la waipa lijazwe maji yenye sabuni kidogo kila asubuhi. Dereva awe na chupa ya maji na kitambaa. Akiona uji umezidi, asimame pembeni, aloweshe kioo, angoje kidogo, kisha apanguse. Na taa apanguse pia. Dereva wengi wanasahau taa, nazo ndizo zinazowaita wadudu.

Tufanye hesabu ya mwekahazina. Tuseme plastiki ni shilingi 150,000. Tuseme wavu na waya wa kufungia ni shilingi 15,000, na mipira ya waipa ni shilingi 20,000. Hizi ni bei za kufanyia hesabu tu, ninyi andikeni za dukani kwenu. Vitu hivyo viwili jumla yake ni shilingi 35,000. Toeni 35,000 kwenye 150,000. Zinabaki 115,000. Je, kikundi chenu kingefanyia nini fedha hiyo? Dereva naye asikilizwe, maana yeye ndiye anayekaa nyuma ya kioo.

Kama bado hamkubaliani, msipige kura. Pimeni. Mwaka 2004 huko Uingereza chama cha kuhifadhi ndege kiliwaomba wenye magari wahesabu wadudu waliogonga vibao vya namba. Watu karibu 40,000 walishiriki. Walihesabu wadudu 324,814, wastani wa mdudu mmoja kila kilomita 8. Kwa kiasi hicho, kutoka Kidatu hadi Ifakara tungepata wanane tu. Jaribuni jioni moja ya mvua za kwanza mwone kama ni wanane.

Mtafuteni mwenye pikapu ya aina ile ile iliyofungwa plastiki, na mkubaliane muondoke Kidatu jioni moja, saa moja, mwendo mmoja. Mmoja asimfuate mwingine kwa karibu, maana wa mbele atawamaliza wadudu wa wa nyuma. Kateni karatasi ya gazeti hili tundu la mraba. Mkifika, wekeni tundu hilo mahali pale pale kwenye kila kioo, na mhesabu wadudu wanaoonekana ndani yake. Andikeni namba mbili katika daftari la kikundi, pamoja na tarehe. Rudieni mara tatu. Wadudu wa kwenye taa na kwenye grili waandikwe safu nyingine, wasichanganywe na wa kwenye kioo.