Utalijenga Wapi Banda la Nailoni?

Banda la nailoni, yaani paipu zilizopindwa kama upinde na kufunikwa kwa nailoni, humwezesha mkulima wa nchi ya baridi kuvuna nyanya. Lakini gharama yake si ndogo, na mahali pakiwa pabaya hakuna dawa. Tuchukue mfano wa Kinangop, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wananchi katika miaka ya 1960, na ambako viazi hulimwa sana.

1. Udongo. Nyanya na viazi ni ndugu, na mnyauko wa bakteria huiua mimea hii yote miwili. Ugonjwa huu hukaa udongoni miaka mingi. Basi usijenge palipolimwa viazi karibuni, wala chini ya shamba la viazi, kwa sababu maji ya mvua huuteremsha. Ukiwa na shaka, kata shina la kiazi kinachonyauka, ulining'inize katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka shinani, ugonjwa upo. Mahali pema ni palipokuwa malisho au mahindi kwa miaka kadhaa.

2. Baridi. Usiku hewa ya baridi huteremka kama maji, ikajaa bondeni. Amka alfajiri wakati wa kiangazi, uangalie umande ulipoganda. Hapo pakimbie. Jenga katikati ya mteremko, wala si kileleni penye upepo.

3. Upepo na jua. Ncha ya banda, si ubavu wake, ielekee upande utokako upepo mkali. Miti ni kinga njema, ila isikaribie mno: mti wa mita 10 na uwe mbali mita 20, usije ukatia kivuli. Mikaratusi huzidi kwa ubaya, maana mizizi yake hunyang'anya maji.

4. Maji. Banda la mita 6 kwa 15 laweza kuwa na miche 200. Mche unaozaa hutaka lita 1 hadi 2 kila siku. Fanya hesabu: lita 400 ni mitungi 20 ya lita 20. Je, nani nyumbani ataibeba? Jenga karibu na tangi au kisima. Tena mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya banda hilo huleta lita 900. Chimba mfereji kando yake, uyapeleke maji hayo katika bwawa dogo, yasije yakaozesha mizizi.

Zoezi. Kabla ya kununua nailoni, chora shamba lako katika karatasi. Tia alama palipolimwa viazi, bondeni, penye miti na penye maji. Mahali panapofaa patajionyesha. Pasipopatikana, mwite afisa wa kilimo mtembee shambani pamoja. Afadhali nailoni ingojee msimu mmoja kuliko kulipa mkopo wa banda lisilozaa.