Jinsi ya Kulisoma Jumba la Ngome: Mfano wa Stokesay

Ukiingia kwenye jumba la ngome la zama za kati, uliza swali moja kwa kila ukuta: ulijengwa kumzuia adui, au kumkweza mwenye nyumba? Pa kujifunzia vizuri ni Stokesay, huko Shropshire, Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, kwa sababu sehemu kubwa ya jengo la karne ya 13 bado imesimama. Mwenye nyumba, Laurence wa Ludlow, hakuwa mwanajeshi bali tajiri wa sufu. Mwaka 1291 Mfalme Edward I alimpa kibali cha kuiimarisha nyumba yake kwa kuta za ngome.

1. Anza nje. Fuata handaki, ambalo sasa ni kavu. Ukuta wa ua ulibomolewa sehemu kubwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, kwa hiyo usipime ulinzi wa zamani kwa kimo unachokiona leo.

2. Linganisha matundu na madirisha. Mnara wa kusini una matundu membamba ya kupigia mishale na ukuta wenye meno juu. Ukumbi mkuu, kinyume chake, una madirisha marefu, mengine yakitazama nje upande wa handaki. Anayetarajia kuzingirwa na jeshi hajengi hivyo. Edward alikuwa ameshaishinda Wales mwaka 1283. Kuta hizi zilitosha kuzuia wanyang'anyi, na zilitangaza hadhi.

3. Inua macho ukumbini. Chunguza kenchi za mbao, kisha tazama sakafu: moto uliwashwa katikati, bila dohani, na moshi ukapanda hadi paani.

4. Panda chumba cha faragha. Ngazi yake iko nje. Kando ya meko tafuta vidirisha ambavyo familia ilichungulia ukumbini bila kushuka.

5. Tenganisha karne. Nakshi za mbao juu ya meko hayo, pamoja na nyumba ya lango yenye fremu ya mbao, ni za karne ya 17. Chora ramani ndogo na kupaka kila zama rangi yake. Bila hivyo utamsifu Laurence kwa kazi ya wajukuu wa wengine.

Ukishazoea, peleka maswali haya Markenfield Hall, Yorkshire, iliyopata kibali chake mwaka 1310.