Popo wa darini si popo wa mwembeni

Kasulu na Kibondo, popo akitajwa utasikia mambo mawili: uchawi na ugonjwa. La uchawi nawaachia wenyewe. Haya mengine tuyajibu.

Swali: Nyumba yetu ya bati imejaa popo. Mchana dari linawaka moto, wao wanakaaje humo?

Jibu: Hao ni popo wadogo wala wadudu, wenye mkia unaochomoza. Aina mojawapo, Mops condylurus, imekutwa kwenye mapaa yenye joto linalopita nyuzi 40. Mwili wake unastahimili joto ambalo lingemlaza mtu kitandani. Ukitaka kuhakikisha ni popo na si panya, okota kinyesi kwa kijiti ukisage. Vyote viwili ni kama punje za mchele mweusi, ila cha popo hubomoka na kuwa unga unaometameta, kwa sababu ni mabawa na magamba ya wadudu. Cha panya kikikauka huwa kigumu.

Swali: Niwatoeje?

Jibu: Si kwa moshi wala sumu. Jioni simama nje uone wanatokea wapi. Mara nyingi ni chini ya kofia ya paa, pale migongo ya bati ilipoachwa wazi. Ning'iniza wavu juu ya tundu, chini uache wazi: watatoka, kurudi watashindwa. Baada ya siku chache ziba. Fanya hivyo kiangazi, maana masika huwa na vichanga vitakavyofia darini, na harufu yake utaijua. Ukifagia mavi yao, yanyunyizie maji kwanza na uvae barakoa, kwani vumbi lake hubeba kuvu wa mapafu.

Swali: Ni kweli popo ni kipofu?

Jibu: Hapana, anaona. Lakini mla wadudu huwinda kwa mwangwi wa sauti ambazo masikio yetu hayazipati. Akikaribia nondo, milio yake huweza kufika takriban 200 kwa sekunde. Mtaliano Spallanzani alianza kulichunguza jambo hili mwaka 1793, lakini mitambo ya kuzinasa sauti hizo ilipatikana Marekani mwaka 1938.

Swali: Na wale wakubwa wanaomaliza maembe?

Jibu: Hao ni jamii nyingine kabisa. Yule wa rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, ni msafiri. Waliofungwa vifaa kule Kasanka, Zambia, wengine walifuatwa hadi Kongo. Utafiti wa Ghana ulikadiria anaweza kubeba mbegu ndogo hadi kilomita 75. Mvule ni mmoja wa miti anayoisambaza, kwa hiyo embe moja moja mimi ningemsamehe.

Swali: Jirani zetu wa Kagera wamepata homa ya Marburg mara mbili, Bukoba 2023 na Biharamulo 2025. Si bora tuwaue popo wote?

Jibu: Uganda walijaribu. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliugua mwaka 2007, na watafiti wakapata virusi hai ndani ya popo wa mapangoni, Rousettus aegyptiacus, waliokuwa wazima kabisa. Popo wa mgodi huo wakaangamizwa. Miaka michache baadaye wengine wakarudi, wachache kuliko wa awali, lakini walioambukizwa walikuwa zaidi ya asilimia 13, ilhali mwanzo walikuwa kama 5. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena Ibanda, si mbali na hapo. Virusi huwashika zaidi popo wa miezi 6 hivi, na ukifagia pango unawakaribisha vijana wasio na kinga. Kwa hiyo pango lenye popo liacheni, na tunda lililotafunwa msile.

Swali: Mtoto aking'atwa?

Jibu: Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, waamue kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Hata kama ni mkwaruzo tu.