"Ndia Kuu" Si Makosa ya Hijai: Historia na Tabia ya Mji wa Kale wa Mombasa



Ukimwuliza mwanafunzi wa kisiwani akueleze Mji wa Kale, atakutajia Fort Jesus, kisha Vasco da Gama, halafu atanyamaza. Mgeni wa siku mbili aliyetembezwa na mwongozaji huenda akajua zaidi kumshinda. Hili ni jambo la aibu kidogo, tusifichane. Basi katika makala haya tutausoma mji wetu kwa njia ambayo chama cha Kiswahili kinaiweza zaidi, nayo ni kupitia majina na maneno yake.

Tuanze na jina lenyewe. Wenyeji wa zamani waliuita mji huu Mvita, na majina mengine yake ni Gongwa na Kongowea. Masimulizi yanamtaja malkia Mwana Mkisi kuwa ndiye aliyetawala Kongowea kwanza, kisha akaja Shehe Mvita. Wengi hulihusisha jina Mvita na vita, na kusema kweli mji huu haukuvikosa. Wenye mji ni Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili. Hao wamegawanyika mafungu mawili: Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa. Angalia jambo hili: Wakilindini walikuwa na mji wao upande wa magharibi wa kisiwa, penye kilindi cha maji. Watu wakahama, jina likabaki, na leo bandari kubwa inaitwa Kilindini. Meli zinazotia nanga pale zinatumia jina la watu walioondoka zamani.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa mwaka 1331 akalala usiku mmoja. Alichokiandika si habari za dhahabu wala majumba. Aliandika kuhusu ndizi, malimau, zambarau na samaki. Akasema nafaka ililetwa kutoka nje, na kwamba misikiti ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Mlangoni pa kila msikiti palikuwa na kisima, watu wakateka maji kwa chombo cha mti, wakaosha miguu ndipo waingie. Mimi napenda sana habari hii kuliko zote za vitabuni, maana usafi huo wa mlangoni ungalipo.

Wareno waliwasili Aprili 1498. Mvita haikuwapokea vyema, wakaenda zao Malindi ambako walipata urafiki. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu tangu hapo, na Wareno walijua kuutumia uhasama huo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteketeza mji. Mwaka 1528 ukashambuliwa tena na Nuno da Cunha, na mwaka 1589 ukapigwa tena. Ndipo mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Sisi wenyeji hatusemi sana Fort Jesus. Mahali pale ni Ngomeni, basi.

Hapa ndipo ningependa tutulie kidogo. Tunavyosomeshwa, ni kama kwamba Wareno na Waarabu walipigana na Waswahili wakakaa barazani kutazama. La hasha! Mwaka 1631 aliyeitwaa ngome alikuwa Yusuf bin Hassan, mtoto wa sultani. Wareno walikuwa wamempeleka Goa akiwa mdogo, wakambatiza jina la Jerónimo. Siku ya 16 Agosti aliingia ngomeni, akamwua kapiteni, na Wareno wakapoteza mji. Mwaka uliofuata aliondoka mwenyewe kwa jahazi. Ama kuhusu mazingiwa makubwa ya Waomani, yaliyoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, waliokuwa ndani ya ngome wengi walikuwa watu wa pwani hii hii. Maradhi yaliwamaliza. Kufikia katikati ya mwaka 1697 Wareno walikuwa karibu wamekwisha, na ngome ikalindwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake hadi msaada ulipofika. Ajabu ilioje! Mswahili wa Faza anailinda ngome ya Mreno dhidi ya Mwomani, huku Waswahili wengine wako nje upande wa Mwomani. Kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba historia yetu ilikuwa kazi ya wageni peke yao.

Baada ya Wareno wakaja watawala wa Kimazrui, ambao katika karne ya 18 walijitenga na Oman. Seyyid Said aliuchukua mji mwaka 1837. Katikati ya ugomvi huo, kuanzia 1824 hadi 1826, Waingereza walitia mguu kwa muda: meli ya Kapteni Owen iliitwa Leven, ndiyo maana kuna nyumba ya Leven hadi leo, na Luteni Reitz aliyefariki hapa ndiye aliyeachia jina Port Reitz. Zama hizo ndizo alizoishi Muyaka bin Haji, malenga wetu mkubwa aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake ya siasa yalitoka mdomoni hadi mdomoni, na pengine yangalipotea. Mwalimu Sikujua ndiye aliyeyakusanya akishirikiana na mmishonari W. E. Taylor. Yakachapishwa na Hichens mwaka 1940, kisha profesa Mohamed Abdulaziz akayafanyia kitabu mwaka 1979. Bila Mwalimu Sikujua, mtihani wa fasihi ungekuwa mfupi!

Sasa tuje kwenye maneno. Barabara maarufu ya Mji wa Kale ni Ndia Kuu. Wakati wa ukoloni iliandikwa Vasco da Gama Street, na vigari vya reli vilivyosukumwa na watu vilipita humo. Jina la mreno limeondoka, Ndia Kuu imerudi. Lakini andika "ndia" katika insha uone! Mwenzetu mmoja wa Kibokoni aliandika "ndia" na "mtele" katika insha yake akapigiwa mistari miwili myekundu. Mwalimu hakukosea, kwa kuwa mtihani unataka Kiswahili sanifu. Ila mwenzetu naye hakukosea lugha. Alitumia Kimvita, na Kimvita kina kanuni zake.

Kanuni ya kwanza: penye "nj" ya sanifu, Kimvita husema "nd". Njia ni ndia, njoo ni ndoo, njaa ni ndaa, nje ni nde. Kanuni ya pili: "ch" huwa "t". Macho ni mato, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga, kichwa ni kitwa. Lakini tahadhari! Si kila "ch". Ile inayotokana na kiambishi "ki" hubaki vile vile: chakula, chombo, chumba. Tena "t" hii hutamkwa ulimi ukigusa meno, ilhali ile ya kuteka maji ulimi hupanda juu kwenye ufizi. Kwa hivyo Mmvita akisema "kuteka" (kucheka) na "kuteka" (maji), sikio lake linasikia maneno mawili. Maandishi ya sanifu hayana alama ya kuonyesha tofauti hiyo.

Na kama unadhani Kimvita ni cha wazee tu, agiza kahawa. Kenya nzima inasema "kahawa tungu", mpaka Nairobi. Hakuna anayesema kahawa chungu! Hiyo ni "t" yetu ile ile.

Jambo la kuchekesha ni hili: mkutano wa 1928, uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ulifanyiwa wapi? Mombasa! Krapf, aliyefika hapa mwaka 1844, alikuwa ameegemea Kimvita katika kamusi yake iliyotoka 1882, na wapo waliotaka lahaja hii ichaguliwe. Ikashindwa nyumbani kwake.

Mji nao ulishindwa kwa namna hiyo hiyo. Reli ilianzia Kilindini mwaka 1896, makao makuu ya serikali yakahamia Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na gati za maji marefu zikajengwa Kilindini miaka ya 1920. Bandari ya Zamani ikabaki na majahazi ya kaskazi na kusi. Mji uliokuwa mlango ukawa uchochoro. Pengine ndiyo maana tabia yake ilidumu: watu kukaa barazani, muuza kahawa na dele lake, mahamri na mbaazi asubuhi, na salamu ndefu ambazo mtu wa bara huziona ni kupoteza wakati.

Nyumba pia zina lugha yake. Nyingi si za zama za Wareno, kama wageni wanavyodhani. Ni za karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, na roshani zake za mbao zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti. Mbona vyumba vya kale ni vyembamba na virefu? Kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu wa kuzidi kiasi. Mti wa baharini ndio uliopima chumba. Leo watu hupaka saruji juu ya chokaa. Saruji haipumui, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, jiwe linaliwa pole pole, kisha siku moja ukuta unaanguka na mwenyewe anasema nyumba ilikuwa nzee. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na ngome ikaingia urithi wa dunia mwaka 2011. Ngome ina wafanyakazi wa makumbusho. Nyumba ya bibi yako ina wewe tu na fundi uliyemwita.

ZOEZI. (a) Geuza kwa Kimvita: "Njoo nje uone mchanga." (b) Kwa nini "chombo" hakiwi "tombo"? (c) Mwulize mzee mmoja wa mtaani kwenu majina ya vichochoro vitatu ambavyo havina kibao, uyaandike kama anavyoyatamka, bila kumsahihisha. Majibu ya (c) yaletwe kwa mhariri kabla ya muhula kufungwa.