Upepo wa tairi za trekta: wa barabarani siyo wa shambani

Vijana wenzangu wa Nachingwea na Ruangwa, mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na kabla hazijakolea matrekta yanakuwa yameshaanza kuzunguka. Wengi wenu mmenunua trekta kwa mkopo, au mmechanga wawili watatu, na mnawalimia watu kwa ekari. Swali linalokuja kila msimu ni hili: "Bwana shamba, tairi za nyuma nijaze upepo kiasi gani?" Mimi nami huuliza: unakwenda wapi, na umebeba nini?

Shambani trekta inatembea polepole na inavuta. Hapo tairi inatakiwa ilale kidogo, ishike ardhi kwa upana na kwa urefu. Barabarani inakimbia, na pengine plau imenyanyuliwa nyuma, uzito wote uko kwenye tairi za nyuma. Ukiiacha na upepo mdogo inajikunja ubavuni, inapata moto na nyuzi za ndani zinakatika. Kwa hiyo upepo mmoja hauwezi kufaa kote kuwili.

Kwa tairi ya kawaida ya nyuma, mfano ile iliyoandikwa 16.9-30, anza na psi 12 hadi 16 shambani. Ukitoka kijiji kimoja kwenda kingine, panda hadi karibu psi 20, ila usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kama katikati ya namba kuna herufi R, mfano 420/85R30, hiyo ni radiali, inavumilia upepo mdogo zaidi. Za mbele zina kiwango chake, tena kikubwa kuliko za nyuma kwenye trekta nyingi za kuvuta kwa magurudumu mawili, na tela pia lina kiwango chake. Kitabu cha trekta au jedwali la kiwanda cha tairi ndilo la mwisho. Hizi namba zangu ni za kuanzia tu.

Pima asubuhi, tairi ikiwa ya baridi. Jua la kwetu mnalijua. Tairi ya psi 15 ikipata joto la nyuzi 10 zaidi inapanda karibu psi 1, na ikishafanya kazi inapanda zaidi. Usitoe upepo mchana kwa sababu geji imesoma juu, maana kesho asubuhi utakuta tairi imelala. Na geji yenyewe iangalie. Ile ya fundi pancha anayejaza malori hadi psi 100 na kitu haiwezi kukuonyesha vizuri tofauti ya 12 na 16. Nunua geji ya upepo mdogo, ikae kwenye boksi la spana.

Sasa kwa nini nahangaika na psi nne tu? Kwa sababu mgandamizo tairi inaouweka juu ya udongo unakaribiana na upepo uliomo ndani yake. Tairi ngumu inashindilia, hasa udongo ukiwa na unyevu. Karanga ndiyo inaumia zaidi: ua likishachavushwa, kijiti chake kinashuka na kupenya ardhini ndipo ganda litengenezwe. Udongo ukiwa mgumu hakipenyi, na wakati wa kung'oa maganda yanabaki chini. Nachingwea tunayo historia. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulikuwa Kongwa, Urambo na hapa kwetu, ukafungwa 1951. Kule Kongwa mfinyanzi ulikauka kiangazi ukawa kama sakafu, karanga zikagoma kutoka. Kosa la kule halikuwa tairi, ila mmeona karanga na udongo mgumu haviivani.

Hasara ya pili iko kwenye dizeli. Ifanyie jaribio. Weka alama ya chaki kwenye tairi ya nyuma, tembea shambani plau ikiwa juu, hesabu mizunguko 10 na upime umbali kwa futi kamba. Kisha shusha plau, lima kina kilekile unachowalimia wateja, mizunguko 10 tena. Tuseme ya kwanza ni mita 44 na ya pili mita 36. Umepoteza mita 8 katika 44, yaani asilimia 18. Tairi inazunguka bure, dizeli inaungua na meno yanalika. Kwa trekta ya kuvuta kwa magurudumu mawili lenga asilimia 10 hadi 15. Ikizidi, punguza upepo ndani ya kiwango, au ongeza uzito, au punguza kina. Ikiwa chini ya 8, trekta ni nzito mno, toa vyuma.

Chora pia mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Jioni mistari isipokutana, tairi inateleza ndani ya rimu: upepo umekuwa mdogo mno, na tyubu itang'oka valvu siku yoyote.

Wenye tairi za maji, zungusha gurudumu valvu iwe juu kabisa kabla ya kupima, na usijaze maji kupita robo tatu. Ukimaliza, ikaushe geji vizuri, maji yakibaki ndani yanaiozesha.