Majani ya Viungo: Upepo, Si Jua

Mvua za masika zikikolea, majani ya mrehani, nanaa na mchaichai hustawi uani kuliko jiko linavyoweza kuyamaliza. Mengi huishia kunyauka shinani, ilhali yangeweza kutumika mwaka mzima. Haya ndiyo maswali wanayouliza sana wenye vibustani vya nyumbani.

Yachumwe saa ngapi?

Asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Harufu ya jani hutokana na mafuta mepesi yaliyomo ndani yake, nayo hupotea joto likizidi. Mrehani uchumwe kabla haujatoa maua. Baada ya hapo majani yake huanza kuwa machungu.

Mbona yasianikwe juani kama dagaa?

Kwa sababu jua kali hupausha rangi yake ya kijani na kufukuza yale mafuta yanayotafutwa. Kazi hii ni ya upepo. Matawi ya rozimeri hufungwa vifungu vidogo vidogo na kuning'inizwa kivulini penye hewa. Majani laini ya nanaa na mrehani hutandazwa juu ya ungo yasipandane, yakafunikwa kwa kipande cha chandarua. Mchaichai hukatwa vipande vifupi kwanza.

Wakazi wa Pwani wana kazi zaidi, maana unyevu wa hewa hukaribisha ukungu. Dar es Salaam, miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri kwa kazi hii kuliko Aprili.

Mtu atajuaje kwamba yamekauka?

Jani likifinywa livunjike, na kijiti chake kikatike kwa mlio. Likijikunja tu, bado. Yakishatiwa kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, chupa hiyo ikaguliwe kila siku kwa wiki ya kwanza. Vitone vya maji vikionekana ndani, majani yatolewe yakaanikwe tena. Ukiingia ukungu, yatupwe yote. Kuchagua yanayoonekana mazima si salama.

Kila jani linafaa kukaushwa?

La. Rozimeri na mchaichai havina shida. Kotimiri ikikauka hubaki kama nyasi, karibu harufu yake yote imekwenda. Ni bora ikatwekatwe, itiwe kwenye trei ya barafu pamoja na maji kidogo, igandishwe. Kipande kimoja hutumbukizwa moja kwa moja kwenye maharage yanayochemka. Kinachofaa kukaushwa katika mmea huo ni mbegu zake.

Je, majani mabichi yakilowekwa kwenye mafuta na kuwekwa kabatini?

Hapa hakuna mjadala: isifanywe. Mafuta huzuia hewa, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi mahali pasipo hewa wala ukali wa siki. Sumu yake inaweza kuua, na chakula chenye sumu hiyo huenda kisionyeshe dalili yoyote ya kuharibika. Mafuta ya namna hiyo yakae kwenye friji na yaishe ndani ya siku nne, au yagandishwe.

Kiasi gani kitiwe chunguni?

Kijiko kimoja cha majani makavu hutosha mahali pa vijiko vitatu vya mabichi. Yasagwe viganjani wakati wa kupika, si kabla, kwani jani zima hutunza harufu muda mrefu zaidi. Yakiwekwa gizani, mbali na jiko, hudumu hadi mwaka mmoja.