Kwa Nini Mkono wa Mtoaji Husita

Mtu asiyetoa sadaka huitwa mchoyo, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Lakini jina hilo halielezi jambo linalofahamika kwa kila aliyewahi kupitisha daftari la michango: mtu yule yule aliyetoa upesi kwa ajili ya mtoto wa jirani huanza kusita anapoelezwa habari za maelfu walio katika njaa. Shida imezidi, mkono umerudi nyuma.

Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa Marekani. Kila mshiriki alijaza hojaji isiyohusu sadaka hata kidogo, akalipwa noti tano za dola moja moja, kisha akapewa barua ya kuomba mchango. Waliosoma habari za msichana mmoja wa Mali mwenye umri wa miaka 7, na kuiona picha yake, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za upungufu wa chakula katika nchi kama Malawi, Zambia na Ethiopia walitoa dola 1.14. La kushangaza zaidi ni kundi lililosoma habari za msichana pamoja na takwimu: lilitoa dola 1.43 tu. Takwimu hazikuitia huruma nguvu, ziliipoza. Tena waliotangulia kufanyishwa hesabu kabla ya kusoma barua walimpa msichana kidogo kuliko walioulizwa kwanza juu ya hisia zao, ingawa walimu wa hisabati hawana haja ya kujilaumu.

Huruma huamshwa na sura, na milioni haina sura. Lakini ipo sababu nyingine, pengine nzito zaidi. Katika uchunguzi wa mwaka 1997, Slovic na wenzake waliwauliza watu juu ya mpango wa maji safi kwa wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mpango ungeokoa maisha ya watu 4,500. Ulionekana kuwa na manufaa zaidi kambi ilipotajwa kuwa na watu 11,000 kuliko ilipotajwa kuwa na 250,000. Katika kambi ya kwanza huokolewa watu 41 hivi katika kila 100. Katika ya pili hawafiki wawili. Hata hivyo wanaopona ni 4,500 pale pale. Mtoaji amewaacha hao, anawatazama watakaobaki, naye huona mchango wake ni tone baharini.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Aandike karatasi za aina mbili zinazotofautiana kwa ukubwa wa kambi tu, azigawe bila kutaja tofauti hiyo, na kila mwanafunzi aupe mpango alama kutoka 0 hadi 10. Wastani wa kila kundi uandikwe ubaoni kabla ya siri kufichuliwa. Makundi yapatikane kwa kura, wala si kwa madawati, maana marafiki hukaa pamoja na mara nyingi hufikiri pamoja.